Aliambiwa Aweke Glavu Kabatini

NEEMA: Haya, tumerudi. Mimi Neema, niko Dar, mvua inapiga mabati hapa, kwa hiyo mkisikia ngoma nyuma ya sauti yangu mjue si muziki wa kipindi. Kaka Salim yuko Lowell, Massachusetts, na leo amekataa katakata tusizungumze mpira wa miguu.

SALIM: Nimekataa, dada. Wiki nne nzima usajili wa Simba na Yanga, Simba na Yanga. Leo besiboli. Leo Red Sox, timu ya Boston, na yaliyomkuta nyota wao Devers.

NEEMA: Wasikilizaji, msikimbie! Wenye Red Sox ndio wenye Liverpool.

SALIM: Ndio hao hao. John Henry na wenzake, Fenway Sports Group. Red Sox waliichukua 2002, Liverpool 2010. Pesa yako ya jezi na pesa yangu ya tiketi zinaishia mfuko mmoja.

NEEMA: Na malalamiko yetu yanaingia sikio moja. Haya, tupe kisa. Huyu Devers ni nani hata umenuna hivyo?

SALIM: Rafael Devers, kijana wa Jamhuri ya Dominika, alikulia ndani ya klabu, mpigaji wa mkono wa kushoto. Januari 2023 walimpa mkataba wa miaka kumi, dola milioni 313.5. Sasa nikupeleke Jumapili, tarehe 15 Juni 2025. Yankees wa New York wamekuja Boston, tumewafunga mechi zote tatu za wikendi. Zote! Siku hiyo hiyo Devers kapiga mpira umetoka uwanjani, na huku kwetu hilo ndilo pigo la thamani. Mimi nimekula, nimeshiba, naosha vyombo huku naimba. Simu ikalia. Devers kapelekwa kwa Giants wa San Francisco.

NEEMA: Siku hiyo hiyo?

SALIM: Jua halijazama. Timu ilikuwa inajiandaa kupanda ndege kwenda Seattle.

NEEMA: Na yeye alikubali? Maana kwenye soka mchezaji akigoma, biashara imekufa.

SALIM: Hapo ndipo besiboli inapotofautiana na kwenu. Hakuna ada ya uhamisho, na mchezaji haulizwi. Mkataba wake unahama naye, mshahara ule ule, miaka ile ile, anaamka asubuhi ni mtu wa mji mwingine. Labda awe na kipengele cha kukataa kilichoandikwa, au awe ametimiza miaka kumi kwenye ligi kuu, mitano ya mwisho klabu hiyo hiyo. Devers hakuwa navyo.

NEEMA: Mlipata nini?

SALIM: Watu wanne. Jordan Hicks, Kyle Harrison, James Tibbs, na kijana mmoja mrushaji, Jose Bello. Giants wakabeba deni lote la mkataba, zaidi ya dola milioni 250. Kwa hiyo ukiniuliza tulipata nini hasa, tulipata nafuu ya mishahara. Hicks, mrushaji, mipira yake ilitandikwa na wapigaji mpaka nikamhurumia. Harrison akapelekwa kwanza Worcester, timu yetu ya ligi ya chini. Tibbs hata viatu hajavichafua, mwisho wa Julai akatumwa Dodgers wa Los Angeles ili tumpate Dustin May, na mkataba wa May ukaisha msimu ulipokwisha.

NEEMA: Ngoja, kaka. Nyuma kidogo. Mtu hauzwi bila ugomvi. Nani alianza?

SALIM: Eeh, hapo ndipo penye nyama. Devers alikuwa mlinzi wa besi ya tatu, yaani kituo cha tatu anachokimbilia mpigaji. Tuseme ukweli, ulinzi wake haukuwa mzuri, makosa mengi. Februari 2025 ofisi ikamsajili Alex Bregman, milioni 120 kwa miaka mitatu, na Bregman ni bingwa wa besi ya tatu. Devers akasikika mbele ya waandishi akisema besi ya tatu ni yake, hatoki. Wakambembeleza, akakubali kuwa mpigaji mteule. Yaani unapiga zamu zako, wenzako wakienda kulinda, wewe unakaa benchi unatafuna mbegu.

NEEMA: Kazi nzuri hiyo, niitieni mimi.

SALIM: Sasa Mei, Triston Casas wa besi ya kwanza akaumia goti, msimu wake ukaisha. Ofisi ikarudi kwa Devers: baba, tusaidie besi ya kwanza. Akakataa. Akasema, na hapa mimi siwezi kumlaumu sana, kwamba wao wenyewe walimwambia aweke glavu kabatini, hatacheza nafasi nyingine. Leo wanamwambia aitoe. John Henry mwenyewe akapanda ndege mpaka Kansas City kuzungumza naye.

NEEMA: Tajiri kupanda ndege kumfuata mwajiriwa! Huku kwetu ungeitwa wewe. Lakini kaka, milioni 313! Kwa pesa hiyo mimi naambiwa nilinde geti la uwanja, nalinda. Nauza na maandazi.

SALIM: Nakubali nusu. Devers alikuwa na wajibu. Lakini nusu ya pili ni hii: Craig Breslow, bosi wa masuala ya besiboli, aliurithi mkataba ule. Aliyeuweka ni Chaim Bloom, aliyefukuzwa Septemba 2023. Ukirithi nyumba yenye mpangaji, huingii tu ukaanza kuhamisha kitanda chake. Unagonga mlango kwanza. Mazungumzo ya Februari yalipaswa kufanyika Novemba, kabla Bregman hajatajwa, milango imefungwa, hakuna kamera.

NEEMA: Unajuaje hawakugonga?

SALIM: Najua mtu alifika kambini akasema mbele ya maikrofoni hatoki. Mtu aliyeandaliwa hasemi vile. Na Breslow mwenyewe alikuwa mchezaji! Mrushaji, alikuwemo tulipobeba kombe 2013. Kasoma Yale, biofizikia ya molekuli, kichwa kikubwa hasa. Ningetegemea yeye kuliko wote ajue chumba cha kubadilishia nguo kinavyonusa habari.

NEEMA: Unanikumbusha Trent Alexander-Arnold. Mtoto wa Liverpool, wakazubaa na mkataba mpaka ukabaki mwezi mmoja, Real Madrid wakamchukua kwa chenji. Nililia, sisemi uongo.

SALIM: Basi sasa nikuongezee kilio. Mookie Betts.

NEEMA: Huyo namjua, wa Dodgers.

SALIM: Alikuwa wetu! Tulimchagua 2011 akiwa kijana, raundi ya tano, 2018 akawa mchezaji bora wa ligi ya American na tukabeba kombe. Februari 2020, mkataba wake umebaki mwaka mmoja, wakampeleka Dodgers pamoja na David Price. Tukapewa Alex Verdugo, Connor Wong na Jeter Downs. Verdugo akauzwa Yankees, Downs waliachana naye, Wong ndiye tuliyebaki naye. Sababu yenyewe ni kodi ya anasa. Ligi inaweka kiwango cha mishahara, 2020 kilikuwa milioni 208, ukipita unalipa, na ukipita mwaka baada ya mwaka asilimia inapanda. Ukishuka chini yake mwaka mmoja, hesabu inaanza upya. Klabu yenye uwanja unaojaa kama Fenway ikamtoa Betts ili hesabu ianze upya!

NEEMA: Na Betts akawafanya nini?

SALIM: Mwaka ule ule kombe. 2024 kombe. 2025 kombe. Na sikiliza hili, maana linagusa kisa cha Devers. Betts ni mtu wa uwanja wa nje kulia, glavu za dhahabu kwenye kabati. Dodgers wakamwomba ahamie kati ya besi ya pili na ya tatu, nafasi ngumu kuliko zote za ndani, akiwa na miaka thelathini na kitu. Akakubali, akawa anakesha mazoezini. Mechi ya saba Toronto, mpira wa mwisho wa msimu unakwenda kwa nani? Betts. Kakanyaga besi ya pili, karusha kwa Freddie Freeman, wawili nje, kwisha.

NEEMA: Kwa hiyo mlimuuza anayekubali kuhamishwa, mkabaki na asiyekubali, halafu mkamuuza na yeye.

SALIM: Dada, usiniue. Hewani tuko.

NEEMA: Lakini nikubane. Wewe si mtu wa "nyota asiuzwe kamwe"? Mashabiki wote ndivyo mlivyo.

SALIM: La. Tarehe 31 Julai 2004 Theo Epstein, meneja mkuu wetu, alimuuza Nomar Garciaparra, kipenzi cha mji, watoto waliitwa jina lake. Theo alikuwa na miaka 30. Watu walitaka kumla mbichi. Akaleta Orlando Cabrera na Doug Mientkiewicz, walinzi tu, hawatishi kwa gongo. Miezi mitatu baadaye tukachukua kombe la kwanza tangu 1918. Wazee hapa walikwenda makaburini kuwaambia baba zao. Kwa hiyo kuuza nyota sikatai. Theo alijua shimo lake liko wapi, ulinzi wa ndani, akauza ili alizibe siku ile ile. Devers kauzwa, shimo la besi ya kwanza likabaki wazi, na dirisha la Julai likafungwa hatujaleta mtu wa hapo.

NEEMA: Na bado mkaingia mtoano. Nimechungulia.

SALIM: Tuliingia. Roman Anthony, kijana wa miaka 21, alipandishwa kutoka ligi ya chini siku chache kabla Devers hajaondoka, akachangamsha timu nzima, Agosti wakampa miaka minane, milioni 130. Hapo nawapongeza, wamewahi mapema safari hii. Kisha raundi ya kwanza Yankees wakatutoa, mbili kwa moja. Mimi naona gongo la Devers lingetupa ushindi wa mechi moja zaidi.

NEEMA: Hilo huwezi kulithibitisha.

SALIM: Siwezi. Lakini siku sita tu baada ya kuuzwa alikutana nasi San Francisco akatupiga mpira ukatoka nje. Hilo nililiona kwa macho yangu.

NEEMA: Haya, swali la msikilizaji la mwisho. Ana mtoto wa miaka saba Worcester, anataka jezi, anunue ya nani asije akajuta?

SALIM: Yarabi. Mimi nina namba 50 ya Betts sandukuni, na namba 11 ya Devers inakauka kwenye kamba sasa hivi. Mwambie anunue ile nyeupe ya nyumbani. Red Sox jezi yao nyeupe haiandikwi jina mgongoni, namba tupu.

NEEMA: Kumbe walijua tangu zamani.