Kinachofunga Mifupa ya Mvulana

Karibuni. Kabla sijaanza, nani hapa hutafuna ncha ya paja la kuku? Nyoosheni mikono, msione haya. Basi gegedu mnaijua. Kuku wa kisasa, wa wiki sita tu, ncha yake jino linazama. Tetea wa kienyeji aliyezeeka, jaribu uone. Tofauti hiyo ndiyo mada yetu.

Mfupa mrefu haurefuki katikati. Unarefukia karibu na ncha, kwenye tabaka jembamba la gegedu. Humo seli zimepangana kama sarafu: zinagawanyika, zinavimba, na nyuma yake mfupa unajijenga. Akiba ya seli changa ikiisha, tabaka lote linakuwa mfupa: mfupa umefunga, urefu umesimama. Kwenye eksirei ya goti la mtoto tabaka hilo ni mstari mweusi, na wazazi wengine hudhani mtoto kavunjika.

Nani anaimaliza akiba hiyo? Kwa wavulana, jibu la haraka lilikuwa testosteroni, ile inayoitwa homoni ya kiume. Mwaka 1994, huko Marekani, madaktari wakaeleza habari za mwanamume wa miaka 28, urefu sentimita 204, na bado anarefuka! Mifupa yake ilikuwa ya kijana wa miaka 15, magoti yanagongana. Testosteroni ya kawaida, na estrojeni, ile inayoitwa homoni ya kike, tele. Kilichoharibika ni kipokezi cha estrojeni, yaani sehemu ya seli inayoipokea, kile cha aina ya alfa. Ufunguo anao, kitasa kibovu. Wakamwongezea estrojeni, wapi!

Wakaonekana pia wanaume wenye kitasa kizima lakini wasio na ufunguo: mwili wao haukuweza kugeuza testosteroni kuwa estrojeni. Nao mifupa ilikuwa haijafunga. Hawa walipopewa estrojeni, ikafunga. Ndiyo maana hilo jina "homoni ya kike" mimi silipendi.

Je, estrojeni inaigusa gegedu yenyewe, au inapitia kwingine? Watafiti waliondoa kipokezi hicho kwenye seli za gegedu tu za panya. Panya wakafika utu uzima, mifupa bado inarefuka. Basi inaigusa gegedu yenyewe.

Lakini estrojeni ina sura mbili. Ikiwa kidogo, mwanzoni mwa kubalehe, inarefusha, hasa kwa kuchochea homoni ya ukuaji. Ikizidi, inaharakisha kufunga. Binti anayebalehe mapema mno huwapita wenzake wote darasa la pili, kisha wao wanampita moja kwa moja. Kwa hiyo, wauguzi wenzangu, mama akija na mtoto wa miaka sita aliyeanza kuota matiti, msimwambie "ni lishe nzuri tu." Mpelekeni kwa daktari, apigwe eksirei ya mkono wa kushoto, mifupa isomwe umri wake.

Haya, maswali.