Kiazi cha Kuchemsha na Kiazi cha Kuchoma: Mhadhara kwa Wenye Kisukari, Tabora

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wengine, habari za asubuhi.

Wengi mmeambiwa, "Acha viazi vitamu." Tabora hapa nani ataacha? Tena ushauri wenyewe una pengo, kwani haukuuliza kiazi kimepikwaje.

Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake, huko Toronto, walitoa kipimo cha kulinganisha vyakula vya wanga kwa jinsi vinavyopandisha sukari ya damu. Glukosi ilipewa 100. Chakula cha 55 kushuka chini ni cha polepole, cha 70 kwenda juu ni cha haraka. Viazi vitamu vilivyopimwa Jamaika vilipata 41 hadi 50 vilipochemshwa. Vilipochomwa, 79 hadi 93. Kwenye makaa kiazi hupata moto taratibu, na vimeng'enya vyake huwa na muda wa kuvunja wanga kuwa sukari. Ule utomvu unaonata kwenye ganda ndiyo sukari yenyewe.

Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, navyo viangalieni. Jua limeondoa maji, wanga umebaki wote, kwa hiyo kiganja chake kinabeba wanga mwingi kuliko kiganja cha kiazi kibichi.

Basi chemsha kiazi na maganda yake, kiive bila kupondeka. Gramu 150, kama ngumi ya mtu mzima, zinatosha. Anza na maharage na mlenda, kiazi kifuate. Ute wa mlenda huchelewesha chakula kutoka tumboni.

Pima sukari kabla ya kula na saa mbili baadaye; wengi wenye kisukari hulenga chini ya 10 (kwa kipimo cha mmol/L). Nawa kwa sabuni, ujikaushe vizuri. Kidole kilichotoka kumenya embe au kushika asali hutoa namba ya juu ya uongo, na mtu wa insulini anaweza kujichoma dozi isiyotakiwa.

Kwenu mnaotumia insulini au glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari: ukitetemeka, ukatoka jasho, sukari ikawa chini ya 4, weka kiazi na maharage kando, vitachelewa. Koroga vijiko vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado, rudia. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Mlazeni ubavu, mumwahishe hospitali.