Si ulisema apatimenti ni yako? Sasa kila mwezi unamlipa nani? Leo nawajibu

Jamani habari zenu. Leo sina safari wala shopping ya kuwaonyesha, najibu lile swali maana limenichosha, kila video lipo: "Dada si ulisema umenunua, mbona bado unalipa kila mwezi, au umepanga unatudanganya?" Sijapanga. Na kabla hamjaanza, siringi, vyenyewe ni vyumba viwili na sehemu kubwa bado ni ya benki. Na nyie wa "kama Ulaya pachungu si urudi", silalamiki pia, naeleza tu.

Huku Stuttgart, Ujerumani, ukinunua apatimenti unapata vyumba vyako, halafu unapata na hisa kwenye paa, ngazi, mabomba, lifti, mpaka uwanja wa nje. Hivyo vya pamoja ndo vinakula hela. Mimi natoa yuro 310 kwa mwezi, wenyewe wanaita Hausgeld, humo kuna hita, maji, taka, bima ya jengo, malipo ya kampuni inayosimamia, na kiasi kinaingia akiba ya matengenezo. Rejesho la benki liko pembeni hapo. Na ile akiba ukiuza nyumba hurudishiwi, inabaki kwenye jengo. Kama kikoba, ila huku hakuna siku ya kugawana.

Hita ina mita yake, lakini vingine vingi mnagawana kwa hisa iliyoandikwa kwenye hati. Hapa ndo panaponiuma. Mimi nakaa chini kabisa, lifti hata vitufe vyake sivijui, lakini ikigoma nachangia! Niliuliza kwenye mkutano nikajibiwa mgao ndo huo mpaka wenye nyumba wapige kura kuubadilisha, sasa wa ghorofa ya tano anipigie kura mimi ili iweje?

Halafu kuna mzee mmoja kila mwaka anapinga akiba isiongezwe, na watu wanamuunga mkono maana nani anapenda kulipa zaidi. Haya, mwaka jana paa likavuja, akiba haikutosha, ikaja barua ya mchango wa ziada, mimi fungu langu yuro 4,200. Nauli ya kuja nyumbani ilikuwa humo humo. Ndo maana Krismasi hamkuniona, na nyie mlioandika kwenye group la familia kwamba nimekuwa mzungu, basi mjue lilikuwa paa.

Ila kuna kitu nawasifu, makaratasi. Yananitoa jasho kwa Kijerumani chao cha sheria, lakini yanasaidia. Mkutano lazima barua ije wiki tatu kabla, na ajenda iandikwe, jambo lisilokuwemo hampitishi kienyeji mkiwa mmeshakaa. Uamuzi usipouridhia una mwezi mmoja kwenda mahakamani. Na mwenye nyumba yeyote ana haki ya kuona risiti, so mahesabu yalipokuja nikaona gharama ya kuzoa theluji imepanda ghafla, nikaiomba ile kampuni inayosimamia jengo ankara. Walinizungusha weee, mwisho nikapewa faili, nafungua naona ankara mbili zina namba ya jengo la jirani! Sisi tunalipia theluji ya watu. Ikarekebishwa, hakuna aliyeniomba radhi. Tangu sheria yao ilivyobadilishwa Desemba 2020, wenye nyumba wanaweza kumtoa meneja, yaani hiyo kampuni, muda wowote, hata bila kosa kubwa, nadhani ndo maana siku hizi wanajibu imeili.

Sasa nyie mnaonunua Dar, mimi sio wakili na kila jengo na watu wake, usije ukasema dada wa Ujerumani kaniponza. Sheria ya kumiliki sehemu ya jengo tunayo tangu 2008, Kenya nao walitunga mpya 2020. Lakini mdogo wangu kanunua huko, pampu ya maji imekufa, LUKU ya pamoja imeisha, kwenye WhatsApp ya jengo ni voice note za matusi na wengine wamelefti, na michango inaingia kwenye simu ya mwenyekiti, yake binafsi. Hela ya watu wote inakaaje kwenye simu ya mtu? Akifa je? Mimi ningekuwa nanunua leo, kabla ya kuangalia jiko na taizi ningeomba salio la akiba, akaunti iko kwa jina la nani, na mihtasari ya mikutano ya miaka mitatu nyuma, ujue wanagombania nini. Wakikwambia hatunaga mihtasari, mimi binafsi ningeondoka, wewe fanya unavyoona.

Maswali mengine andikeni hapo chini, ya mkopo nitafanyia video yake. Ila mnaouliza mshahara wangu shilingi ngapi, hiyo siwajibu.