Aprili 15: wanakuongezea muda wa ritani, si muda wa deni

Hamjambo watu wangu wa nyumbani. Niko Dallas, ndani ya gari, ndiyo nimetoka zamu ya usiku. Wiki hii kila aliyenipigia nimemwambia "ngoja Aprili ipite kwanza." Mama, shangazi, msidhani nimewasahau. Aprili 15 ndiyo mwisho wa kufaili ritani ya kodi hapa Marekani. Na kwa kuwa kuna vijana wameniandikia kwamba viza zimetoka, nataka wasikie kilichonipata mwaka wangu wa pili huku.

Nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza mwajiri ananikata kodi kwenye kila mshahara, halafu mwaka ukiisha ananipa fomu W-2, kila kitu kimeandikwa. Ya pili nilikuwa nasambaza chakula kwa gari langu. Huko hakuna anayekukata chochote. Unapewa fomu 1099, hesabu ni zako. Aprili ikanikuta maili nilizoendesha kikazi sijaandika, risiti ziko chini ya viti. Rafiki akaniambia, "Omba muda, wanatoa." Ni kweli, wanatoa. Unajaza fomu 4868 mtandaoni, bure, hawakuulizi sababu, unaongezewa miezi sita hadi Oktoba 15. Nikajaza, nikalala fofofo.

Kumbe muda ule ni wa makaratasi tu. Pesa yenyewe ilitakiwa iwe imelipwa Aprili 15 ile ile. Oktoba nilipomaliza hesabu, nilikuwa nadaiwa dola 3,000, na faini ya kuchelewa kulipa ni nusu asilimia kila mwezi. Hiyo ni dola 15, mara sita ni 90, na riba juu yake. Iliniuma sana. Lakini sikilizeni: kama nisingeomba muda, nikanyamaza tu, faini ingekuwa asilimia 5 kila mwezi. Dola 150! Kwa miezi mitano ni dola 750. Hebu zipigeni kwa shilingi muone.

Kwa hiyo wewe unayekuja, mwezi wa tatu kaa chini ukadirie deni lako, hata kama hesabu haijakamilika, ulipe unachoweza. Ukilipia kwenye tovuti ya IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, ukachagua kwamba ni malipo ya kuongezewa muda, huna haja hata ya kujaza ile 4868. Malipo yenyewe yanahesabiwa kuwa ombi. Huna pesa kabisa? Faili hivyo hivyo, kisha uombe kulipa kidogo kidogo. Nimeona ndugu zetu wakiogopa deni mpaka wanaacha kufaili, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hilo linanisikitisha kuliko faini zote. Hapa Texas hatuna kodi ya mapato ya jimbo. Ukienda jimbo lingine, ulizia utaratibu wao, maana huo ni mzigo mwingine.

Na ninyi mliorudi nyumbani na grini kadi au uraia wa huku, mnaoishi na kufanya kazi huko, ritani ya Marekani bado inawahusu. Ninyi mnaongezewa miezi miwili bila kuomba, hadi Juni 15, na mnaambatisha maelezo mafupi kwamba mlikuwa nje. Lakini riba inahesabiwa tangu Aprili 15. Msiichanganye na ile Juni 30 ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Hizo ni ritani mbili, serikali mbili. Ukiwa na akaunti za benki huko Kenya ambazo kwa jumla zilipita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, kuna taarifa yake ya pekee pia, na hiyo inasogea yenyewe hadi Oktoba 15.

Yangu ya mwaka huu nimekadiria na nimelipa jana usiku. Makaratasi nitamalizia mwezi wa sita nikipata likizo. Mama, pesa ya mabati natuma mwisho wa mwezi huu, mwambie fundi asiondoke.