Paka wa Zuhura na neno "mlafi"

ZUHURA: Kabla hujawakaribisha wasikilizaji, Daudi, naomba niseme lililo moyoni, kwa kuwa tangu Jumatatu sijalala vizuri. Yule mtoto wa paka, ambaye mama yake aligongwa na pikipiki, anakula kwa namna inayonitisha. Nikimwekea dagaa anatia mguu mmoja ndani ya sahani kana kwamba sahani itakimbia, ananguruma huku anameza, tumbo linamkaza kama ngoma, kisha anatapika pembeni na kurudi kukila kile alichokitapika.

DAUDI: Pole sana, dada. Na jirani naye alikuwa na la kusema.

ZUHURA: Alisimama mlangoni akasema, "Huyu paka mlafi." Neno hilo lilinichoma, maana nilipopelekwa kulelewa kwa ndugu nikiwa na miaka sita niliitwa hivyo hivyo, kila nilipoharakisha tonge kabla sinia halijaondolewa. Ndiyo maana nilikuomba leo tuzungumzie panya wa maabara, wale wanaochunguzwa kwa nini kiumbe hula kupita kiasi.

DAUDI: Nami nimeandaa mafunzo matatu kwa walezi, tutayafikia mwishoni. Tuanze na Chuo Kikuu cha Camerino, Italia, ambako mwaka 2009 Carlo Cifani na wenzake walichapisha jaribio la panya jike...

ZUHURA: Tukubaliane kwanza tunalitumia neno gani. Mimi sitaki "ulafi" katika kipindi hiki.

DAUDI: Tuseme "uroho"?

ZUHURA: Uroho ni mbaya zaidi, kwa sababu unamsema mtu hata kabla hajagusa chakula. Bibi yangu alikuwa na neno "kufakamia", na naliona ndilo lenyewe, kwa kuwa linataja kinywa na mkono tu bila kumhukumu mwenye mkono. Mtu anaweza kufakamia leo na kesho akala kama wengine, lakini ukishamwita mlafi umempa jina la kudumu.

DAUDI: Nalikubali kwa panya. Wale wa Camerino walipitia mizunguko mitatu ya siku nane: siku nne walipewa takriban theluthi mbili ya chakula chao cha kawaida, kisha siku nne wakala watakavyo. Siku ya 25, kwa dakika 15, waliwekewa mchanganyiko wenye Nutella, ile chokoleti ya kupaka mkate, mahali ambapo waliuona na kuunusa bila kuufikia. Walipopewa, ni wale tu waliopitia vyote viwili, njaa ya zamani na uchungu wa siku ile, waliofakamia kupita kiasi, ingawa siku hiyo hawakuwa na njaa.

ZUHURA: Hapo ndipo neno "mlafi" linapoanguka, Daudi, maana panya wale walikuwa wa aina moja na banda moja, na kilichowatenganisha ni yale waliyotendewa.

DAUDI: Dawa nazo ziliwatenganisha. Fluoksetini, dawa ya sonona, na sibutramini, dawa ya kupunguza unene, zilipunguza ulaji katika makundi yote, midazolamu ya kutuliza wasiwasi ikauongeza, lakini topirameti, dawa ya kifafa, iliwagusa wale waliofakamia peke yao na kuwaacha wengine wale kama kawaida. Ila ninakuonya usimtie paka wako humo. Panya wale walisumbuliwa wakiwa wakubwa, hakuna aliyewanyang'anya mama.

ZUHURA: Onyo nimelipokea, lakini utoto nao una ushahidi wake. Kitoto cha panya kikitenganishwa na mama yake saa tatu kila siku katika wiki mbili za mwanzo, mara nyingi hukua na mwili unaoshtuka upesi, ilhali kikitengwa dakika 15 tu mama hurudi akakilamba zaidi, nacho hukua kitulivu. Mtafiti Michael Meaney na wenzake wa Montreal, Kanada, walionyesha mwaka 1997 kwamba waliolambwa sana utotoni walitoa homoni chache za msongo walipobanwa ukubwani. Na huko Irvine, California, katika maabara ya Tallie Baram, majike waliolelewa katika viota vyenye matandiko haba, ambako mama hushindwa kutulia na wanawe, walikuja kuvitamani vitu vitamu kuliko wenzao.

DAUDI: Kutamani sawa. Ninachokataa ni kusema panya wana ugonjwa wa kufakamia kama wa binadamu. Wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani walipoutambua rasmi ugonjwa huo mwaka 2013, waliandika kwamba mgonjwa huhisi ameshindwa kujizuia na hali hiyo humtesa moyoni. Watu hula wamejificha kwa sababu ya aibu. Nani amewahi kupima aibu ya panya? Sisi tunapima gramu.

ZUHURA: Huko Alabama, Marekani, mtafiti Mary Boggiano na wenzake waliwaona panya wenye mwelekeo wa kufakamia wakivumilia shoti kali zaidi za umeme miguuni ili wazifikie peremende za chokoleti. Kiumbe anayeungua miguu na bado anasonga mbele, utasema amejizuia?

DAUDI: Nitasema anapenda chokoleti kuliko anavyochukia shoti. Majuto hayamo humo.

ZUHURA: Unataka panya aungame ndipo umwamini? Mimi nilipokuwa na miaka sita sikuwa na neno la kueleza kwa nini ninaharakisha tonge. Kutokuwa na neno hakukuondoa kitu kilichokuwamo.

DAUDI: Wewe ulikuja kulisema, dada yangu, panya hatalisema kamwe. Ndiyo maana naogopa tunapotoka kwenye banda moja kwa moja hadi duka la dawa. Sibutramini ilifanya kazi kwa panya, lakini mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa madhara ya moyo.

ZUHURA: Na dawa iitwayo lisdeksamfetamini ilipunguza ulaji wa chokoleti kwa panya na kufakamia kwa watu, hata Marekani ikaiidhinisha kwa ugonjwa huu Januari 2015. Tusingekuwa tunashiriki kitu kimoja na panya, ingefanyaje kazi pande zote mbili?

DAUDI: Dawa hiyo ni ya jamii ya amfetamini, dawa za kuchangamsha ubongo, na hizo hupunguza hamu ya kula kwa watu na kwa wanyama pia. Hapo sikubaliani nawe.

ZUHURA: Nami sikubaliani nawe, na sitabadili.

DAUDI: Fundi ananionyesha vidole viwili, maana yake tumebakiwa na dakika mbili. Yale mafunzo matatu...

ZUHURA: Yaache, hatutayatendea haki.

DAUDI: Nayaacha. Lakini paka utamfanyaje leo jioni?

ZUHURA: Nitampa dagaa kidogo kidogo mara tano, saa zile zile kila siku, nikae chini karibu naye nisimwondolee sahani mpaka aondoke mwenyewe. Jana usiku, kwa mara ya kwanza, aliutoa mguu ndani ya sahani akiwa bado anakula.