Kuishi na Melanoma Baada ya Matibabu

Mabibi na mabwana, ndugu zangu mliotibiwa melanoma, yaani saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, na ninyi mliofuatana nao,

Nimeombwa nizungumzie kipindi ambacho mara nyingi hupitiwa haraka: miaka inayofuata baada ya uvimbe kukatwa, nyuzi kutolewa na kovu kukauka. Kwa wengi wenu upasuaji ulimalizika kwa muda mfupi, lakini ufuatiliaji utawachukua miaka mingi, na kwa baadhi yenu maisha yote. Hoja yangu ni moja. Ufuatiliaji huu hauwezi kuachiwa kliniki peke yake, kwa sababu sehemu kubwa ya melanoma zinazorudi hugunduliwa kwanza na mgonjwa mwenyewe au mtu wa nyumbani mwake, kati ya miadi moja na nyingine. Mgonjwa aliyefundishwa kujichunguza, na ambaye anaweza kuonwa upesi anapogundua jambo, amelindwa vizuri zaidi kuliko yule anayeingoja tu tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Naomba nianze na karatasi ambayo wengi hawajawahi kuiona, nayo ni ripoti ya patholojia. Uvimbe ukishatolewa hupelekwa maabara, hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini, kisha daktari wa patholojia hupima kina chake kwa milimita, kuanzia tabaka la juu la ngozi hadi seli ya saratani iliyozama chini kabisa. Kipimo hicho kilipendekezwa na Alexander Breslow mwaka 1970 na bado kinaitwa kwa jina lake. Melanoma isiyozidi milimita 1 huhesabiwa kuwa nyembamba, na wengi walio nayo hupona kwa upasuaji peke yake. Inayozidi milimita 4 ni nene, nayo hufuatiliwa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Ripoti hueleza pia iwapo ngozi ya juu ilikuwa imechimbika na kuwa kidonda. Kama mlipimwa tezi ya limfu iliyo ya kwanza kupokea majimaji kutoka eneo lile, matokeo yake nayo huandikwa.

Mambo hayo ndiyo yanayoamua mtahudhuria kliniki mara ngapi na kama mtahitaji dawa zaidi. Kwa hiyo ombeni nakala na muitunze. Daktari aliyewatibu anaweza kustaafu au kuhamishwa, nanyi mnaweza kuhama, na siku mtakapokaa mbele ya daktari mgeni baada ya miaka 8, kumwambia kwamba mliwahi kutolewa uvimbe mguuni hakutamsaidia sana, ilhali kumwonyesha maandishi yanayosema “milimita 1.8, yenye kidonda, tezi safi” kutamweleza mengi ya yale anayohitaji kujua.

Ratiba za kliniki hutofautiana, lakini kwa kawaida mwenye hatari kubwa huonwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 2 au 3 ya mwanzo, kisha nafasi huongezwa hadi kufikia mara moja kwa mwaka. Mpangilio huo unafuata tabia ya ugonjwa wenyewe, kwa kuwa marudio mengi hutokea katika miaka hiyo ya mwanzo. Mengi, lakini si yote. Mwaka 2003 madaktari wa Scotland waliripoti kwamba wagonjwa 2 waliopandikizwa figo kutoka kwa mtu mmoja walipata melanoma iliyotoka kwa mtoaji, ambaye alikuwa amefanyiwa upasuaji wa melanoma miaka 16 kabla na kuhesabiwa kuwa amepona. Silitaji jambo hili ili kuwatia hofu, maana hali ya namna hiyo ni adimu sana; nalitaja kwa kuwa linaonyesha kwamba seli za melanoma zaweza kukaa kimya muda mrefu mno, na ndiyo sababu mimi siafikiani na desturi ya kumwambia mgonjwa, baada ya miaka 5, kwamba sasa anaweza kusahau. Anaweza kupunguza wasiwasi, lakini asiache kujitazama. Zaidi ya hayo, aliyewahi kupata melanoma moja yuko katika hatari kubwa kuliko watu wengine ya kupata nyingine mpya, isiyotokana kabisa na ile ya kwanza.

Basi mtu ajitazame vipi? Mara moja kwa mwezi inatosha, mahali penye mwanga mzuri, pakiwa na kioo na, ikiwezekana, mtu mnayeaminiana. Anzeni na kovu. Pitisheni ncha za vidole juu yake na pembezoni mwake taratibu, kwa kukandamiza kidogo, kisha mfuate njia inayokwenda kwenye tezi za eneo hilo: kutoka mguuni kuelekea kinenani, kutoka mkononi kuelekea kwapani, kutoka kichwani kuelekea shingoni. Katika njia hiyo melanoma inaweza kurudi kama vinundu vigumu chini ya ngozi, vidogo kama punje za mtama, ambavyo havina maumivu na mara nyingine havina hata rangi nyeusi. Wengi hutafuta weusi tu na kukipuuza kinundu chenye rangi ya waridi au ya ngozi yenyewe, na hapo hatari hupita bila kuonekana.

Baada ya hapo tazameni mwili mzima, pamoja na utosini, nyuma ya masikio, kwenye nyayo, katikati ya vidole na chini ya kucha. Kwa watu wenye ngozi nyeusi sehemu hizi za mwisho zina uzito wa pekee, kwa kuwa melanoma inayowapata zaidi ni ile ya viganja, nyayo na kucha, ambayo haitokani sana na jua. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa kuwa na melanoma ya kidole cha mguu mwaka 1977, nayo ikasambaa hadi akafariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Doa mnalolitilia shaka lipigeni picha kwa simu, rula ikiwa imewekwa kando yake, ili mwezi unaofuata mlinganishe picha na picha badala ya kutegemea kumbukumbu. Kinachoendelea kukua au kubadilika kwa wiki chache hakingoji miadi. Pigeni simu kliniki.

Wengi huniuliza kwa nini wao hawapigwi picha za CT, zile za ndani ya mwili zinazopigwa kwa eksirei na kompyuta, wakati wenzao wanapigwa. Kwa mwenye melanoma nyembamba vipimo hivyo mara chache hugundua jambo la maana, ilhali vina mionzi na huibua vivuli visivyo na madhara ambavyo humtia mtu hofu na kumwingiza katika vipimo vingine. Asiyeandikiwa kipimo hicho hajapuuzwa.

Hali ni tofauti kwa wale ambao ugonjwa umesambaa mwilini mwao. Kabla ya mwaka 2011 wengi wao hawakufikisha mwaka mmoja. Mwaka huo ipilimumab iliidhinishwa Marekani, na mwaka 2014 zikafuata pembrolizumab na nivolumab, dawa zinazoondoa breki katika mfumo wa kinga ili mwili uishambulie saratani. Ugunduzi uliozaa dawa hizo uliwapatia James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Katika utafiti mmoja mkubwa wa kuunganisha ipilimumab na nivolumab, takriban asilimia 43 ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miaka 10.

Lakini kinga iliyofunguliwa breki inaweza kuushambulia mwili wenyewe, wakati mwingine miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho: utumbo, ini, mapafu, na hasa tezi za homoni, ambazo zikishaharibika mara nyingi hazirudi. Nawasihi msikie hili vizuri. Mtu aliyemaliza dawa hizi akaanza kuchoka kupita kiasi, kupoteza hamu ya kula na kuona kizunguzungu anaposimama, huambiwa kwa urahisi kwamba ni huzuni au uzee, kumbe homoni ya kortisoli imekwisha mwilini, na homa ya kawaida tu inaweza kumwangusha. Kipimo cha damu hulibaini tatizo hilo, na vidonge hulidhibiti. Yeyote aliyepata dawa hizi atembee na kadi inayozitaja, na aliyeandikiwa vidonge vya kortisoli asiviache ghafla.

Waliotolewa tezi za kinenani au kwapani wanaweza kuvimba mguu au mkono. Huo si urembo ulioharibika tu: ngozi iliyojaa majimaji hushika maambukizi upesi, kwa hiyo mchubuko usafishwe mara moja, na wekundu wenye joto na homa utibiwe siku hiyohiyo.

Hofu ya siku za kungoja majibu ni ya kweli, hata kwa mtu ambaye majibu yake yamekuwa mazuri kila mara. Mwambieni daktari waziwazi, na muombe kujua mapema majibu yatatoka siku gani na nani atayatoa, kwa kuwa kungoja bila tarehe ndiko kunakotesa zaidi. Ikiwa hofu inawanyima usingizi wiki baada ya wiki, hiyo nayo ina matibabu.

La mwisho linawahusu jamaa zenu. Wazazi, ndugu wa damu na watoto wa aliyepata melanoma wana uwezekano wa kuipata takriban mara 2 ya watu wengine, na wengi wao hawajui kwa sababu hakuna aliyewaambia. Ikiwa katika ukoo mmoja wameugua watu 3 au zaidi, au kuna melanoma pamoja na saratani ya kongosho, ombeni ushauri wa vinasaba, kwa kuwa kuna mabadiliko ya kurithi katika jini ya CDKN2A yanayohusika na magonjwa yote mawili, na aliyeyarithi anahitaji kuanza kuchunguzwa ngozi akiwa bado kijana, hata kama hana doa lolote la kutilia shaka.