Meena Kandasamy: Hadithi Hii Ni Yangu, Nitaisimulia Mwenyewe

MWANAIDI: Karibu tena msikilizaji. Mimi ni Mwanaidi, niko na kaka yangu Baraka. Leo tunakwenda India ya kusini, Tamil Nadu, kwa mshairi na mwandishi wa riwaya, Meena Kandasamy. Kaka, wewe ulianza na kitabu kipi?

BARAKA: Nilianza na riwaya yake ya mwaka 2017, When I Hit You. Dada, nilinaswa tangu mwanzo. Kuna mama anawasimulia watu jinsi binti yake alivyokimbia ndoa ya kipigo. Unasubiri azungumzie kipigo. Wapi! Anazungumzia miguu: visigino vimepasuka, nyayo zimekuwa nyeusi. Halafu anahamia kwenye chawa, jinsi alivyopambana nao kichwani kwa binti.

MWANAIDI: Na miaka inapita, mama bado anasimulia yale yale. Mpaka binti anaona, nisipoiandika mwenyewe, habari yangu itabaki kuwa ya miguu na chawa.

BARAKA: Kwangu mimi, kazi yote ya huyu dada imebebwa na hilo. Nani anasimulia? Na aliyetendewa ana nafasi gani katika kusimulia?

MWANAIDI: Tuwape wasikilizaji historia kidogo. Alizaliwa mwaka 1984, Chennai. Jina lake la kuzaliwa ni Ilavenil. Akiwa bado kijana sana alihariri jarida lililoitwa The Dalit, linalohusu watu waliosukumwa chini kabisa na mfumo wa matabaka, wale walioitwa wasioguswa. Baadaye akachukua shahada ya uzamivu ya isimujamii, Chuo Kikuu cha Anna. Mashairi yake ya kwanza, Touch, yalitoka mwaka 2006, yakafuatiwa na Ms Militancy mwaka 2010.

BARAKA: Hicho cha pili ni kikali. Anawachukua wanawake wa hadithi za kale, kama Kannagi, yule ambaye mumewe aliuawa kwa kusingiziwa wizi naye akauteketeza mji wa Madurai kwa hasira. Meena hawapambi. Anawaacha wawe na hasira yao.

MWANAIDI: Mimi lakini kitabu kilichonikosesha usingizi ni The Gypsy Goddess, cha mwaka 2014. Hicho kinahusu jambo lililotokea kweli. Kijiji cha Kilvenmani, huko huko Tamil Nadu, usiku wa tarehe 25 Desemba 1968. Vibarua wa mashamba ya mpunga, wengi wao Wadalit, walikuwa wamejiunga na chama cha wafanyakazi na kudai nyongeza ya ujira. Wenye mashamba wakaja na watu wao. Wanakijiji wakakimbilia kwenye kibanda kimoja, kikatiwa moto. Watu 44 wakafa, wengi wao wanawake na watoto.

BARAKA: Na kesi?

MWANAIDI: Mwishowe Mahakama Kuu ya Madras iliwaachia wenye mashamba. Moja ya hoja ilikuwa kwamba ni vigumu kuamini matajiri, watu wenye ardhi kubwa, wangetembea wenyewe kwenda kuchoma nyumba.

BARAKA: Yaani utajiri ukawa ushahidi wa kutokuwa na hatia.

MWANAIDI: Sasa angalia Meena alivyofanya. Sura ya moto wenyewe ameiandika kwa sentensi moja ndefu, hakuna nukta. Ukisoma kwa sauti, pumzi inakuishia.

BARAKA: Turudi kwenye ile ndoa ya When I Hit You, maana kuna kitu nataka wasikilizaji wakijue. Mume kwenye riwaya ni mhadhiri, mkomunisti, hodari wa kuhubiri usawa. Anamhamishia mke Mangalore, mji ambao hajui lugha yake. Anamtoa Facebook, anachukua nywila ya barua pepe, anafuta barua zake zote. Mke naye mchana, akiwa peke yake, anaandika barua kwa wapenzi wa kufikirika, halafu anazifuta kabla mume hajarudi.

MWANAIDI: Na wazazi kwenye simu? Vumilia, mwanangu. Hayo sisi hatuhitaji kufafanuliwa.

BARAKA: Kabisa. Kitabu kikaingia orodha fupi ya Women's Prize, tuzo ya riwaya zilizoandikwa na wanawake, mwaka 2018. Tatizo, wengi walikisoma kama ungamo la maisha yake tu. Ni kweli naye aliwahi kupitia ndoa ya namna hiyo na ameliandika hilo hadharani, lakini hii ni riwaya, imejengwa kwa ufundi.

MWANAIDI: Akawajibu kwa Exquisite Cadavers, mwaka 2019. Katikati ya ukurasa kuna hadithi ya Karim na Maya, wanandoa wa London. Pembeni, kwa maandishi madogo, kuna maisha yake mwenyewe na siasa za India.

BARAKA: Mimi nilisoma ile ya pembeni yote kwanza. Ndiyo yenye moto. Ya katikati ilinipwaya kidogo.

MWANAIDI: Hapana kaka, hapo sikubaliani nawe. Zisome pamoja, ukurasa kwa ukurasa, utaona anavyochukua jambo la pembeni na kuligeuza likawa la Karim. Na wewe msikilizaji, usianze na hicho. Anza na When I Hit You, halafu The Gypsy Goddess, kile cha Kilvenmani.